Siku Mama Alipopiga Kura ya Kunikataa

Mama yangu mzazi... alinyoosha mkono kunipinga!

Ndiyo, mama. Mbele ya kiwanda kizima!

Ngojeni kwanza, msije mkamtukana bure.

Mimi na mama tulikuwa kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mimi kwenye mashine, yeye kwenye pasi ya mvuke. Mimi wananiita Profesa Nusu, maana chuo nilikimaliza... katikati.

Basi dada mmoja wa pasi akaungua mkono mzima. Bosi akamfukuza na bandeji yake!

Nikasema imetosha, tuunde chama cha wafanyakazi. Sheria inaturuhusu.

"Profesa, usituletee utani wako," wenzangu wakasema.

"Safari hii sitanii, jamani."

Wakakubali, kwa shangwe kabisa. Kesho yake saa ya chai, kura. Na kwetu kura zote ni za mikono, hata ya kuamua dirisha lipi lifunguliwe. Hakuna aliyewaza njia nyingine.

Kesho ikafika... bosi akaingia, akavuta kiti, akakaa!

"Endeleeni wanangu, ni haki yenu. Mimi mtazamaji tu."

"Wanaotaka chama?" nikauliza.

Mikono ya kuhesabu.

"Wasiotaka?"

Msitu! Na mkono wa kwanza kwenda juu... wa mama.

Jioni niliingia ndani bila hata shikamoo.

"Mama, umeniuza!"

"Punguza sauti. Baba yako ndiyo kwanza kapata usingizi."

Baba amepooza upande mmoja. Mama alikuwa anamwekea mto mgongoni.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Mkono ni wangu, mwanangu. Chumba hiki ni cha nani?"

Cha kiwanda. Mstari wote ule wa vyumba ni wa kiwanda.

"Jana bosi alipita mlango kwa mlango. Hakumtisha mtu. Aliniuliza tu, 'Mgonjwa anaendeleaje? Chumba hakivuji?'"

Nikashika upande wa pili wa mto wa baba...

Asubuhi, ngo ngo ngo! Msimamizi na walinzi wawili.

"Mama, chumba kinatakiwa."

"Mimi si nilikataa chama? Bosi si aliniona?"

"Alikuona. Ila aliyeleta maneno ni mwanao."

Baba tulimtoa na godoro lake. Majirani wakachungulia nyuma ya mapazia, hakuna aliyetoka. Siwalaumu. Nao wanalala humo humo.

Mama akakaa kando ya barabara, kanga imemfunika mdomo. Mimi, mzee wa vichekesho, sikuwa na hata kimoja.

"Nilitaka chama kuliko hata wewe," akasema. "Yule binti aliungulia mikononi mwangu. Ningejua tutatolewa tu... si ningesema ndiyo, mwanangu?"

Akalia. Sijawahi kumsikia mama akilia vile.

Jamani, mkiambiwa fulani ana uhuru wa kusema anachotaka, msiwahi kupiga makofi.

Muulizeni kwanza analala kwa nani.