Habari za Susu

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wa bweni walisimama kwenye seng'enge nyuma ya jikoni, wakiwasubiri wenzao wa kutwa. Hawakungoja chakula. Walingoja habari. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kijiji kimoja, naye alimwuliza kama mvua imenyesha, kama mama amejifungua, kama mdogo wake amepona. Sheria ya shule ilikataza mazungumzo hayo, kwa hiyo yalikuwa ya haraka na ya sauti ya chini.

Mumbua, msichana wa kutwa wa Gredi ya Nane, ndiye aliyemletea Wayua habari. Akija shuleni alipita nyumbani kwa susu yake Wayua, nyanya aliyemlea tangu utotoni, karibu na soko la Kathonzweni. Susu hakukosa la kumtuma: mwambie mbuzi amezaa mapacha, mwambie akate kucha, mwambie asikope sabuni.

Jumatano moja Mumbua alikuta mlango wa susu umefungwa. Uani alikuwepo Mwau, mjomba wa Wayua, akikunja blanketi. Alisema kifua kilimzidi susu alfajiri, amepelekwa hospitalini.

"Usimwambie Wayua," aliongeza. "Mtihani wao ni wiki ijayo, atavurugika."

"Na akiniuliza, mjomba?"

"Mwambie yuko salama. Wewe ni msichana mkubwa, unaelewa."

Njia nzima Mumbua aliyajaribu maneno hayo mdomoni. Alipofika, Wayua alikuwa tayari ameishika seng'enge.

"Susu amesema nini leo?"

"Yuko salama. Amesema usome."

Wayua alicheka. "Hilo tu? Tangu lini susu akasema kitu kimoja?"

"Alikuwa na kazi," Mumbua alijibu, akaondoka kabla ya kuulizwa lingine.

Siku hiyo hakuandika hesabu hata moja bila kuifuta. Kesho yake alizunguka akaingilia lango kuu, asionane na Wayua. Wa bweni wakaanza maneno: eti wa kutwa wamejiona, wanalala kwao na kula chakula cha moto, kisha wanawanyima wenzao hata salamu. Wa kutwa nao wakajibu kwamba wao si matarishi wa mtu. Kufikia chakula cha mchana kila kundi lilikuwa upande wake. Mumbua alijua chanzo ni yeye. Aliketi, akainuka, akaenda chooni bila haja, akarudi, na chakula kikamshinda.

Jioni alipopita nyumbani kwa susu alimkuta tena Mjomba Mwau, amekuja kuchukua leso safi. Safari hii hakumtazama Mumbua usoni. Alisema madaktari hawana matumaini makubwa, na susu anauliza Wayua yuko wapi. Hata hivyo alishikilia lile lile: mtihani kwanza.

Mumbua alijua akisema ataadhibiwa kwa kuvunja sheria, na mjomba atakasirika. Akinyamaza, huenda Wayua asimwone susu tena. Ijumaa asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Matroni Halima, aliyekuwa akianika mashuka ya bweni.

"Matroni, nimekuwa nikiongea na Wayua kwenye seng'enge," alisema, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. "Na juzi nilimdanganya."

Kisha akamweleza yote. Matroni aliliacha shuka nusu kambani, akaenda kwa mwalimu mkuu, na kutoka hapo wakampigia mjomba simu. Kabla ya saa nne, Matroni na Wayua walikuwa njiani kwenda hospitalini.

Wayua alikaa na susu siku mbili. Susu alifariki Jumapili, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wayua.

Baada ya mazishi Wayua alirudi shuleni, na Matroni akawaita wote wawili chumbani kwake.

"Mumbua, ulitumwa na mtu mzima, lakini mdomo ulikuwa wako," alisema. "Jambo zito kama lile mtoto halibebi peke yake, wala halifuniki kwa uongo. Analipeleka mapema kwa mtu mzima anayemwamini. Ulichelewa siku mbili, lakini ulifika. Nasi walimu tulikosea. Tuliwakataza kuongea, mkaongea kwa kujificha. Kuanzia leo, wakati wa mapumziko, wa bweni na wa kutwa mtaketi pamoja barazani, na anayetaka habari za kwao aulize wazi."

Wayua alimgeukia Mumbua.

"Jumatano ile," alisema, "susu hakusema nisome."

"Hakusema. Sikumwona. Nisamehe."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilimwona."

"Basi nieleze ya Jumanne. Yote. Usiongeze kitu."

Mumbua alivuta kiti karibu naye, akaanza.