Mbio za Ramani na Mihogo Isiyoliwa

Kila asubuhi Edinah alimtekea nyanyake maji, akafagia ua, kisha akakatiza vichochoro vya soko la Migori hadi kwa akina Kemuma ili waandamane kwenda shuleni. Hapakuwa na uchochoro asioujua. Kwa hiyo, muhula wa pili wa mwaka 1996, Mwalimu Okari alipotangaza kwamba darasa la saba litashindana katika mbio za ramani, Edinah hakuwa na shaka kuhusu mshindi.

Mbio zilikuwa za wawili wawili. Kila jozi ingepewa ramani ya mji iliyochorwa na mwalimu mwenyewe, ipite katika vituo vyote vilivyotiwa alama, igongwe muhuri mkononi katika kila kituo, halafu irudi langoni mwa shule. Kupanda baiskeli za boda boda kulikatazwa. Wawili hao walipaswa kufika pamoja. Aliyemwacha mwenzake hakuhesabiwa. Jozi ya kwanza ingesafiri hadi Homa Bay kushindana na shule za huko.

Homa Bay ndiko alikokuwa babake Edinah, akifanya kazi katika ghala la samaki. Hakuwa amekuja nyumbani tangu Krismasi. Kemuma pekee ndiye aliyejua hamu ya rafiki yake, naye alimwahidi kukimbia mpaka pumzi imwishie.

Siku yenyewe walianza vizuri. Kemuma alisoma ramani, Edinah akachagua njia. Walipita posta, wakapita kinu cha kusaga mahindi, na mihuri ya zambarau ikazidi kujaa mikononi mwao. Nyuma yao Stanley, aliyekimbia na Valentine, aliwarushia maneno kwamba wanakimbia kama kuku waliotoroka kisu cha sikukuu, lakini sauti yake ilizidi kufifia.

Sokoni ndipo mambo yalipoharibika. Katika mji ule, mtoto aliyeonekana njiani alikuwa wa kila mtu, na mtu mzima yeyote aliweza kumtuma. Mama Nyabuto, muuza ndizi na rafiki wa mamake Kemuma, aliwaona kwa mbali.

"Nyinyi wawili, kujeni hapa. Mnipelekee hizi ndizi kwa Teresa, pale juu."

Edinah angeweza kusema ukweli. Lakini aliona maelezo yatakuwa marefu: mashindano gani, ramani ya nini, nani amewaruhusu kuzurura saa za masomo. Akatoa maneno ambayo hakuna mtu mzima angeyapinga.

"Hatuwezi, shangazi. Kemuma amekula mihogo mibichi, ile michungu. Namkimbiza hospitali."

Alimfinya Kemuma mkono, na Kemuma, bila kujua afanye nini, akajishika tumbo. Mama Nyabuto akaruka kando kuwapisha. Walipopinda kona Edinah alicheka. Kemuma hakucheka. Mwaka wa njaa, mtoto wa jirani yao alikula mihogo ya aina hiyo asubuhi, na jioni hakuwepo tena. Mji mzima uliikumbuka siku hiyo. Edinah naye aliikumbuka, ndiyo maana alijua uongo wake ungefungua njia.

Walipogongwa muhuri wa mwisho darajani, hapakuwa na jozi iliyowatangulia. Walipanda mlima wakihema, na punde wakaliona lango la shule na Mwalimu Okari amesimama kando yake. Hapo ndipo Mirumbe, mwendesha boda boda, alipofunga breki mbele yao.

"Kemuma? Si wewe uko wodini?" akauliza. "Mamako nimetoka kumpeleka saa hii. Ameenda bila viatu."

Kemuma akageuka palepale. Edinah akamshika sweta, akamsihi kwamba lango ni lile, waliguse tu, kisha warudi pamoja.

"Wewe fika," Kemuma akasema. "Mimi naenda kwa mama."

"Peke yangu sihesabiwi."

"Najua."

Stanley na Valentine walikuwa tayari wanapanda mlima. Edinah alijua kwamba akivuta sweta mara nyingine Kemuma atakubali, maana hakuwa hodari wa kukataa. Alimwaza babake. Kisha akaiwaza miguu mitupu ya yule mama kwenye lami. Akaiachilia sweta na kumwambia Mirumbe awapakie wote wawili.

Walimkuta Mama Kemuma wodini akienda kitanda hadi kitanda, akifunua mashuka ya watoto wa watu. Mama Nyabuto alimfuata na chupa ya maziwa ya kuvunja sumu mkononi. Mama alipomwona bintiye alimkimbilia. Alimnusa mdomo, akambonyeza tumbo, akainua kope zake kuyatazama macho. Kisha akaketi sakafuni.

"Hakula kitu," Edinah akasema. "Ni mimi niliyedanganya, ili tushinde."

Mama Kemuma aliangalia pembeni. Mama Nyabuto ndiye aliyemshika Edinah bega na kumtoa hadi barazani. Hakumpiga wala hakupaza sauti.

"Ungeniambia mko mbioni, ningewapisha," alisema. "Hata ningewapigia makofi. Sikuacha ndizi zangu kwa sababu mimi ni mjinga, mtoto wangu. Niliziacha nikamkimbilia mamake Kemuma kwa sababu umesema, nami nikaamini. Ukitumia ugonjwa kama njia ya mkato, siku ugonjwa wa kweli utakapokuja utatuita na hatutainuka. Mimi nataka siku hiyo niinuke. Basi kuanzia leo, nisaidie niweze kukuamini."

Wiki iliyofuata Stanley na Valentine walikwenda Homa Bay. Siku hiyo Edinah alipita sokoni mapema, akaenda kibanda kwa kibanda, akiwaeleza wote waliokuwa wamesikia habari ya mihogo kwamba ilikuwa ya uongo, na kwamba uongo huo ulikuwa wake.