Gitaa Jekundu la Mwambene

"Kipanga, gari linakaribia Nyololo," redio ikasema.

"Nimeliona."

Bertha Kalinga, Kipanga kwa jina la kazi, alikanyaga mafuta. Subaru Forester ikayapita malori mawili kwa mpigo. Mbele, Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikikimbilia mpakani Tunduma.

Ndani yake mlikuwa na gitaa la umeme, jekundu. Bertha aliamini ni la marehemu Gwakisa Mwambene, mwanamuziki maarufu wa Mbeya, lililoibwa asubuhi hiyo kwenye jumba la kumbukumbu mjini Iringa na nakala kuachwa ukutani mahali pake. Mnunuzi alikuwa akingoja ng'ambo.

Kizuizi cha polisi kikaisimamisha Land Cruiser.

Bertha akashuka, Glock mkononi.

"Toka nje. Mikono juu."

Boniface, kinara wa magendo yale, akatoka akitabasamu.

"Hii ni nakala, afande. Imetengenezwa kwa mzee Ambrosi, Mlandege, pale Iringa. Risiti hiyo hapo kwenye kiti."

Risiti ilikuwa halali. Gitaa lilikuwa na rangi ile ile, mikwaruzo ile ile.

Redio ikakoroma. "Kipanga, bila ushahidi mwachie."

Ikabaki njia moja. Akapiga simu.

Miezi minne alikuwa mpangaji wa Ambrosi, akijiita Roza, muuza mitumba, akiwachunguza wateja wa karakana yake ya magitaa. Mzee aliambiwa na kina Boniface kuwa nakala zile ni za tamasha, akaamini. Kwa miaka mingi, ni yeye pekee aliyemuuliza Bertha kama amekula.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umeondoka bila chai?"

"Mzee, nisikilize. Mimi si Roza. Ni ofisa wa usalama. Nina gitaa hapa. Nitajuaje kama umelitengeneza wewe?"

Msasa ukasikika ukiwekwa mezani.

"Ligeuze. Fungua kifuniko cha nyaya, mgongoni. Nakala zangu zote nimeziandika Faustina kwa penseli. Marehemu mke wangu. Sijamwambia mtu."

Bisibisi. Skrubu nne.

Mbao tupu.

Boniface akaacha kutabasamu. Mkono wake ukaruka kiunoni. Bertha akamchapa teke la goti, bastola ikaanguka kwenye lami, pingu zikalia.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Halina jina, mzee. Ni la Mwambene mwenyewe. Umeliokoa."

"Haya." Mzee akakohoa. "Kwa hiyo Roza hayupo."

"Hayupo, baba."

"Na huyo aliyepo, jioni atakuja?"

Bertha akatazama ukungu juu ya misonobari. Ofisa akishajulikana, harudi mahali pale. Ndiyo amri.

"Nisamehe, baba."

Akakata.

"Kipanga, safi sana," redio ikasema. "Nenda Mbeya. Kesho unaruka Kigoma."

"Nimepokea."

Jofrey, askari kijana wa kizuizini, alikuwa amelipokea gitaa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akagusa uzi mmoja. Bila spika, ulitoa mlio mdogo, ukapotea kwenye upepo.

"Afande, huyu Mwambene ulipata kumsikia akipiga jukwaani?"

"Sijawahi," Bertha alisema.

Akavaa miwani myeusi, akafunga zipu ya jaketi hadi kidevuni, akatembea polepole kuelekea kwenye Subaru.