Raheli na Waya Uliokatwa

"Mwanamke hafungui kinanda changu!" Andrea, kiongozi wa bendi, alifoka.

"Basi kipige hivyo hivyo, bubu," Raheli akamjibu, bisibisi mkononi.

Andrea akampisha. Ilikuwa mwaka 1973, katika ukumbi wa tawi la chama, mtaani Likombe. Kinanda cha umeme kilikuwa kimezimika siku mbili kabla bendi haijaondoka Mtwara kwenda kupiga mwaka mzima Dar es Salaam. Issa, mpiga ngoma, ndiye aliyekibeba mara ya mwisho. Alilaumiwa yeye, akafukuzwa asubuhi hiyo hiyo, akarudi kwao Madimba kulima mihogo.

Raheli, fundi redio, akafungua mgongo wa kinanda. Filipo, mpiga kinanda na mchumba wake, alisimama dirishani akiwapa kisogo.

Raheli akagusisha mita. Hapa umeme upo. Mbele kidogo, hakuna.

"Chumvi ya bahari imekula?" Andrea akauliza.

Raheli akauinamia waya. Kutu ingeuchakaza waya taratibu. Huu ulikuwa na ncha safi, inang'aa. Umekatwa kwa koleo! Na ni mtu mmoja tu aliyewahi kufundishwa naye waya ule unapita wapi.

"Filipo, geuka unitazame."

Akageuka, machozi yanamlengalenga.

"Mwaka mzima, Raheli! Baba yako hanipendi. Nitarudi nikukute kwa mume mwingine."

"Mimi nilikwambia nataka mwingine?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Na Issa, ukamwacha afukuzwe? Sema, Andrea asikie."

"Nilikata mimi," Filipo akasema. "Issa hana kosa."

"Toka!" Andrea akanguruma. "Nitatafuta mpiga kinanda mwingine!"

Raheli akalehemu waya bila kuinua kichwa. Akawasha. Sauti nene ikajaa ukumbi.

"Kwa siku mbili humpati," akasema. "Na kikizimika tena huko, nani atakitengeneza? Issa anarudi, Filipo anamwomba radhi mbele ya bendi nzima, na mimi naondoka nanyi."

"Baba yako atakubali?"

"Nitamwambia. Simwombi."

Andrea akameza mate. "Haya. Beba vifaa vyako."

Filipo akasogea. "Umenisamehe?"

"Bado. Panda baiskeli umfuate Issa. Ukirudi naye, tutaongea habari ya padre."

Alirudi naye jioni, amevimba miguu.

Ndoa ilifungwa Dar, mwezi wa nane. Baba yake Raheli alikuja kwa meli, amenuna, akasema hatakula wala hatacheza. Alicheza mpaka bendi ikachoka.