Bizimu ya Shambani kwa Tillmann

Mara ya nne Irmtraud Velten alipokuta mshono wake umefumuliwa, hakuogopa. Alikasirika. Wiki sita alikuwa akiunda upya mkanda wa askari wa Kirumi, pamoja na ukanda wa kuning'inizia upanga, kwa ajili ya makumbusho ya mji wa Xanten. Alichoshona jioni, asubuhi alikikuta nyuzi chini, ngozi imelowa, karakana nzima inanuka tope la mto.

"Heiko! Utani wako umenichosha!"

Kaka yake, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, akacheka. "Dada, mimi hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi. Labda Mrumi mwenyewe hajaipenda kazi yako."

"Basi aje aseme anataka nini!" akafoka, akaubwaga mkanda mezani.

Juu yao pakasikika hatua za viatu vya misumari, taratibu, kutoka ukuta hadi ukuta. Karakana ile haikuwa na ghorofa.

Heiko akajikaza kisabuni, akajifunga mkanda kiunoni. "Ona, ngozi tu ya ng'ombe," akasema, lakini sauti ikakatika, maana ngozi ilikuwa inajikaza yenyewe, tundu baada ya tundu, bila haraka, na harufu ya tope ikawapanda kooni, na uso wake ukageuka zambarau, na vidole vya Irmtraud vikawa vinateleza juu ya bizimu, kifungio cha shaba kilichokuwa baridi kama barafu, mpaka alipokamata kisu na kuichana kazi ya wiki sita kwa mkato mmoja.

"Bizimu hii," akahema, "uliniambia umeyeyusha shaba na kuisubu mwenyewe."

"Niliitoa kaburini," Heiko akanong'ona. "Kwenye shamba la ngano la jirani yetu Tillmann. Ilikuwa nzuri mno, dada."

"Mjinga wewe! Kumbe nashona mkanda wa maiti!"

Padri Lambertus, waliyemkimbilia, hakuwacheka. Mchana uleule aliwapeleka shambani, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka. "Mtake radhi yeye, si mimi," akamwambia Heiko.

Heiko akapiga magoti. "Bwana, nisamehe. Chukua chako."

Walipoiweka bizimu katika shimo dogo walilochimba, ikazama yenyewe, kabla hawajaifukia.

Siku tatu Irmtraud alishona mkanda mpya, na hakuna uzi uliofumuka. Siku ya nne Tillmann akapiga simu.

"Jirani, mmechimba shambani kwangu?"

"Shimo moja tu. Dogo."

"Huku yapo kumi na moja," akasema. "Na udongo umesukumwa kutoka chini."