Mara Kumi za Uongo

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule, alivua sare, akanawa uso, kisha akaleta mpini wa fagio kuukuu na daftari la mazoezi ya baba. Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Baba alikuwa fundi wa dari. Kwa miaka kumi na minane alisimama juu ya majukwaa akiwa ameinua ubao kwa mikono miwili na kuukingia kichwa, huku mwenzake akipiga misumari. Siku moja jukwaa lilikatika. Baba akaanguka na ubao wake, bega la kulia likavunjika. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda kama wa kuazima.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wagonjwa walimwita Mama Viungo, alikuja kila Alhamisi. Alimpa baba ngazi tatu za mazoezi. Kwanza, kusukuma mpini juu ya kichwa kwa mikono miwili akiwa ameketi, mgongo ukutani. Pili, kufanya vivyo hivyo akiwa amesimama. Tatu, kuinua chupa ya mchanga kwa mkono ule mgonjwa peke yake.

"Hupandi ngazi, fundi, mpaka umeinua mara kumi, viwiko vimenyooka, siku tatu mfululizo," alisema. "Na wewe Chiriku ndiye karani. Andika unachokiona, si unachokiombea."

Ngazi ya kwanza baba aliimaliza kwa haki. Ya pili ikamshinda. Na mkandarasi alikuwa amemwekea nafasi katika dari ya ukumbi mpya. "Nakusubiri mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia. "Baada ya hapo, ndugu yangu, sina la kufanya."

Jumatatu baba alisimama, akasukuma. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mara ya tano mpini ulikwama usawa wa paji la uso, ukatetemeka, ukashuka.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nne, baba."

Baba akageukia ukuta. Mabega yake yakatikisika. Hata siku aliyomzika mama yake mzazi, Chiriku hakumwona akilia. Kalamu ikawa nzito mkononi mwake. Akaandika: kumi. Kesho zitakuwa kumi kweli, alijiambia. Jumanne zikawa tano, akaandika kumi. Jumatano vilevile.

Alhamisi Mama Viungo alisoma daftari, akapiga makofi. "Fundi! Kumi, siku tatu! Wewe ni mtu au ni winchi?"

Baba alimtazama mwanawe. Chiriku akainamisha macho. Baba angeweza kusema ukweli, lakini mwezi ulikuwa umebakiza wiki moja.

"Tunamshukuru Mungu," akajibu.

Basi akapewa chupa. Aliiweka begani, akavuta pumzi, akasukuma. Ilipita sikio, ikapita utosi, kisha kitu kikalia ndani ya bega kama kamba inayokatika. Chupa ikaanguka. Baba alipiga magoti polepole, bila hata kuguna, na kimya kile kilimtisha Chiriku kuliko ukelele.

"Jana uliinua mara ngapi?" Mama Viungo aliuliza huku akiushika ule mkono.



"Tano," Chiriku alisema, machozi yakimtiririka. "Niliandika uongo mimi. Nilimwonea huruma."

"Usimlaumu mtoto," baba alisema kwa shida. "Yeye alikosea kwa huruma. Mimi niliona, nikanyamaza kwa tamaa, nami ndiye mkubwa."

Hospitali walisema kano ya bega imechanika. Ingepona, lakini mkono wa kushika mbao juu kutwa nzima haungerudi tena. Mwenzake alipokuja kuazima nyundo ili aende kwenye ule ukumbi, baba alimpa mfuko mzima wa zana. Kisha akalala chali kitandani, akiitazama dari aliyoipiga kabla Chiriku hajazaliwa.

Baada ya wiki sita walianza upya, kwenye kiti.

"Mbili," alisema Chiriku, akaandika mbili.

Ziliendelea hivyo: mbili, tatu, tena mbili. Chiriku aliumia kila alipoandika, lakini aliandika. Miezi ikapita. Baba akaweza kuvaa shati bila kusaidiwa, akapata kazi ya kupima na kukata mbao mezani, katika duka la mbao. Ilikuwa kazi ndogo, nayo iliutosha mkono wake.

Jioni moja alifika mara tisa kwa kusimama. Ya kumi ikakwama.

"Umeandika ngapi?"

"Tisa, baba."

Baba aliketi, akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Ukimficha mgonjwa ukweli, unamwacha peke yake na ugonjwa wake. Mwambie ukweli, kisha kaa naye. Hiyo ndiyo huruma."

Chiriku alivuta kiti chake, akakaa.