Mabuti Yaliyofungwa Kamba Nyuma

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na shingo ya mtu aliyemchukua baba yangu ilikuwa hapa, karibu kabisa...

Ngoja niwaeleze taratibu, wajukuu zangu.

Nashona mavazi ya filamu. Hii ya sasa ni ya vita vyetu, ila wameigeuza: humo, waliotushinda wameshindwa, na askari wao wanapandishwa kizimbani. Katika maisha halisi hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Mzee mmoja mpole ndiye anayecheza mshtakiwa. Kila asubuhi ananisogezea kiti na kunishikia taa nitunge uzi. Nikampenda bure.

Jana akavaa mabuti. Akafunga kamba... fundo nyuma, juu ya kisigino.

Nikaweka sindano chini.

Askari hao walipokuja kwetu kumchukua baba, nilikuwa mtoto, nimejificha chini ya kitanda. Sura sikuona. Niliona mabuti tu, yamefungwa hivyo hivyo. Moja likanipiga teke.

"Mzee mwenzangu, nani kakufundisha kufunga hivyo?"

"Mazoea tu, mama."

"Mazoea ya wapi?"

Akaketi, akanigeuzia shingo.

Nikaanza kupunguza kola yake. Mkasi ukamgusa shingo. Hakusogea.

"Fundo hilo nalijua," nikasema. "Nililiona nikiwa chini ya kitanda."

Akafumba macho.

"Gauni la njano," akasema. "Pindo lilitokeza nje. Nikalisukuma ndani kwa buti, mkubwa wangu asilione."

Jamani... rangi ya gauni lile sijawahi kumwambia mtu. Kumbe halikuwa teke.

"Na baba yangu?"

"Mikono yake niliifunga mimi."

"Ndiyo maana ukaomba kucheza mshtakiwa?"

"Hapa wananihukumu kila siku, mama. Nikirudi nyumbani, napata usingizi."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nikaweka mkasi mezani.

"Vua gwanda. Hukumu ya kuigiza haimhusu baba yangu. Nenda kawaambie wote mlikomzika."

Akatoka na fulana tu, akasimama mbele ya kamera, akaanza kusema. Mwongozaji alitaka kumkatisha. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mwache, mwanangu."

Leo tumekwenda na majembe, yeye mbele akituonyesha njia. Polisi nyuma yake.

Wajukuu zangu, mshukuruni mtu kwa wema wake, lakini shukrani isiwe kifutio cha ubaya wake. Kwa gauni nimemshukuru. Kwa baba, atajibu mahakamani.

Njiani kamba ya buti lake ilifunguka. Akajaribu kuifunga, ikamshinda.

Nikainama, nikamfungia.

Mbele.